Gari Inalia Kulia

Kendi, mama yangu,

Usiwashe hiyo gari kwanza. Soma hii karatasi mpaka mwisho, ndipo utajua kwa nini nimeifunga kwenye usukani kwa waya, na kwa nini gurudumu la mbele la kulia limelala kando ya ukuta. Hakuna mwizi aliyeingia. Ni mimi baba yako.

Hali yako sikuulizi, maana naijua. Tumenuniana wiki mbili ndani ya nyumba moja, tukipitishiana chumvi kwa mkono wa mama yako kama watu wa makabila mawili. Na hali yangu unaijua pia. Sasa ni jioni, jua halijaingia nyuma ya mlima, na wewe uko Kibirichia kumuaga shosho wako kabla ya kuhamia Embu. Mama yangu namjua, hatakuachilia upesi. Atakubebesha viazi mpaka kondakta akatae kukupakia. Kwa hivyo nina nafasi, na nina hii penseli ya kuchorea vyuma. Mkono wangu umezoea spana. Ukiona mistari yangu inakwenda upande kama lori ambayo ekseli yake imehama, wewe pinda shingo tu usome.

Mambo ya kila siku siandiki. Mama yako amekwambia yote, ya chakula, ya kanisa, ya kufunga mlango, na ya vijana wa Embu. Mimi nikiongeza juu ya hayo itakuwa kuongeza bamba kwa springi ambayo imeshiba, na hiyo kazi ya kuongeza mabamba nitakueleza hapa mbele ilinifikisha wapi.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru hakuna mtu aliyenifunza kukiandika. Kimeru nilipewa cha mdomo. Herufi nilizipata mtaa wa Majengo, kwa yule Mzee Salimu aliyenifunza kazi. Salimu hakuwa na kitabu. Alikuwa na chaki, na kila kitu tulichokifungua chini ya gari alikiandika, upande huu au upande ule, ndio tusichanganye wakati wa kurudisha. Basi neno la kwanza mimi kusoma katika maisha yangu, nikiwa kijana mwenye ndevu tayari, lilikuwa KULIA. Lilikuwa limeandikwa kwa shokapu kuukuu, kile chuma cha kumeza mitikisiko ya gari. Nililisoma polepole, ku, li, a, nikamuuliza, mzee, hii shokapu inalia nini?

Salimu alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alikuwa ameandika upande, na mimi nimesoma machozi. Akawaambia wachinjaji wote wa Majengo, na kwa muda mrefu sikuweza kupita buchari bila mtu kuniuliza, "M'Rukaria, umenyamazisha ile shokapu?"

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nilibishana. Nilimwambia Salimu kwamba herufi ni zile zile, na kwamba kitu kikiharibika chini ya gari kweli kinalia, kwa hivyo hata yeye anayeandika hajui vizuri anachoandika. Aliniita kichwa cha jiwe. Lakini kutoka siku hiyo nikaanza kusikiliza magari, na hapo, mama, ndipo nilipowapita wote.

Wewe unajua, ulikuwa unakaa na mimi kwa ile benchi ya gereji. Gari ikipita barabarani nakwambia, hiyo bushi ya mbele kushoto imekufa, hiyo nyingine shokapu ya nyuma imemwaga mafuta, huyo mwalimu asipobadilisha beringi hatafika Nkubu. Watu walikuwa hawanielezi shida. Wananipitishia gari mara mbili mbele ya benchi, halafu wanasimama kungoja hukumu. Kutoka hapa hadi Isiolo hakuna aliyekuwa na sikio kama langu. Hata leo sisemi yuko.

Sasa nikuambie ya Mutwiri. Unaijua, na soko lote la Ruiri linaijua, lakini mmeisikia kwa mdomo wa watu. Kwa mdomo wangu hujawahi.

Mutwiri alikuwa na lori ya viazi. Viazi zikikubali kule juu, hakutaka kurudi mara mbili kwa safari ambayo angefanya mara moja. Lori yake ilikuwa imelala nyuma kwa kubebeshwa, springi zimenyooka kama rula. Akaja akaniomba nimwongezee mabamba mawili kila upande. Nikamwambia mawili ni ya waoga. Nikaweka matatu. Lori ikasimama nyuma juu, mbele chini, kama ng'ombe anayeamka. Ikapakiwa magunia mpaka nikaogopea nyaya za stima, na haikushuka hata upana wa kidole. Niliita watu waje waone. Nilimnunulia soda mtu nisiyemjua ndio asimame aangalie.

Dereva wake alikuwa Kaberia, kijana wa Ruiri, mpole, wa maneno machache. Baada ya siku chache alikuja gereji akasimama mbali kidogo na mimi. Akasema, "Mzee, hii lori siku hizi hainisikii. Nikikata kona inafikiria kwanza."

Nikamwambia lori haina masikio, yeye ndiye hana mikono. Watu wakacheka, naye akacheka kidogo kwa heshima, akaondoka.

Kendi, yule kijana alikuwa ananipa habari yote ya ile gari kwa maneno mawili. Uzito wote ulikuwa umekaa nyuma juu ya springi isiyoshuka, mbele kukabaki kwepesi, na magurudumu ya usukani yakawa yanagusa lami kama mtu anayeonja chai ya moto. Fundi yeyote mwenye akili angeinama. Mimi nilikuwa na watu wa kuchekesha.

Kwenye kona kabla ya Ruiri alikata usukani na lori ikaenda moja kwa moja. Iliingia shamba la mahindi ikalala ubavu. Mungu alikuwa macho, hakuna aliyekufa, lakini Kaberia mguu ulivunjika, na viazi zilimwagika mpaka uwanja wa kanisa. Watu wakasema ni springi za M'Rukaria. Mimi nikasema ni dereva. Nilisema hivyo kwa harusi na kwa mazishi, mwaka mzima, hata mtu akiniuliza habari ya mvua nilifika pale pale.

Ulikuwa kidato cha pili. Siku moja ulitoka shule ukaniletea chai gereji, ukakuta naeleza tena jinsi madereva wa siku hizi hawajui kazi. Ukangoja watu waondoke. Halafu ukaniuliza, bila ubaya wowote, ukiwa umeshika chupa ya chai:

"Baba, kama springi haikubali kushuka, ule uzito huwa unaenda wapi?"

Nikakwambia nenda ukamsaidie mama yako kupika. Ukaenda. Lakini lile swali lilibaki, na kila nilipolala chini ya gari nililikuta limefika kabla yangu. Salimu hakuwahi kuniuliza swali kama hilo, na Salimu alikuwa fundi. Jibu la swali lako ni kwamba ule uzito hauendi popote, unatafuta mtu. Kama springi imekataa, utachukua chasisi, na chasisi ikikataa utachukua usukani, na usukani ukikataa utamchukua yule aliyeushika. Kwa ile lori ulimchukua Kaberia.

Baadaye yale mabamba niliyokuwa nimewaongezea watu wengine niliyatoa, lori moja moja. Niliwaambia ni mtindo mpya umekuja. Walilipa na wakashukuru. Kaberia naye sijawahi kumwambia chochote. Siku hizi anauza mbegu pale Ruiri, anatembea akivuta mguu, na kila nikipita huko nanunua kwake mbegu za kabichi. Mama yako huuliza kwa nini lile kopo la jikoni limejaa mbegu za kabichi na hatuna shamba la kabichi. Sasa wewe unajua. Ukitaka kumwambia, mwambie ukiwa umeshafika Embu.

Nimekwambia hii kwa sababu ya hii pikapu unayokwenda nayo Embu.

Ulikuja ukaniambia inatangatanga barabarani, kwamba ukiiweka kwa mstari inataka kwenda kutazama mitaro. Ukasema kuna kitu kinagonga mbele, na ukasema ni boljointi ya chini, lile fundo la chuma linalobeba gurudumu na kuligeuza kama bega la mtu. Ukasema, upande wa kulia. Mimi nilikuwa kwa benchi. Nikakwambia nipitishie. Ukapitisha mara mbili, kama wateja. Sikusikia kitu upande wa kulia. Nikatoa hukumu kwamba boksi ya usukani imelegea.

Ulisema, kwa upole, tuinue gurudumu tulishike. Hiyo ndiyo njia, hata Salimu ndivyo alivyonifunza. Inua, shika juu na chini utikise, halafu shika kushoto na kulia utikise, na gurudumu lenyewe litakwambia ni fundo gani limelika. Mtoto anaweza kufanya. Na kwa sababu mtoto anaweza kufanya, mimi nilikataa. Nikakwambia wengine wanashika, mimi nasikia.

Nikaenda kwa ile skrubu ya juu ya boksi, nikaikaza. Ile nafasi ya kucheza ikapotea kabisa, usukani ukashika kama ukuta. Nikakurushia ufunguo. Ulienda mpaka Nkubu na kurudi, ukaegesha, na hukushuka mara moja. Ukaniambia kupitia dirishani:

"Baba, haurudi."

Nikauliza nini hairudi.

"Usukani. Nikikata kona nikiulegezea mikono, unabaki pale pale. Umeukaza mpaka hauwezi kurudi wenyewe."

Nilijua unasema kweli kabla ya wewe kumaliza. Usukani mzuri, mama, ukishamaliza kona unafungua mikono kidogo na unarudi katikati wenyewe, hausukumwi. Usipofanya hivyo, dereva atapigana nao kila kona, na kutoka hapa mpaka Embu kona ni nyingi kuliko nyumba. Hicho nilikijua kabla ya wewe kuzaliwa. Lakini kile kilichotoka kwa mdomo wangu ni kwamba usukani ni wa kushikwa, si wa kuachiliwa.

Ukasema, "Ndiyo maana naenda Embu."

Na hapo hatukuwa tunazungumza habari ya gari tena. Wote wawili tulijua, na hata kuku waliokuwa uani walijua. Ulishuka ukaingia ndani, nami nikabaki nimeshika mlango wa gari kama mtu anayetaka kuununua. Tangu hapo ni chumvi kwa mkono wa mama yako.

Nimekasirika kwa sababu unaenda, hilo sifichi, mimi si mtu wa kuficha. Nilikuwa nimeshapanga. Gereji ingekuwa yako, ningeketi kwa benchi mpaka nife, wewe ukifanya na mimi nikikwambia ulivyokosea. Kwangu huo ulikuwa mpango mzuri. Halafu ukaja na habari ya yule rafiki yako wa chuo, Wanja, na uwanja wa gereji mliokodisha Embu kando ya barabara inayoshuka Mbeere. Nikauliza kuna nini Embu ambacho hakiko Meru. Hukunijibu.

Jana mama yako ndiye aliyenijibu. Aliweka sufuria chini kwanza, ndipo nikajua ni jambo. Akaniambia ulimwambia hivi: "Hapa nitakuwa mtoto wa fundi mpaka nizeeke. Sijawahi kukaza nati ya mwisho."

Sikulala vizuri na hayo maneno. Nilijaribu kukumbuka hata mara moja. Umefungua na mimi, umesafisha, umepaka grisi, umetoa bushi zilizoshika kutu ambazo wanaume wawili walishindwa nazo. Lakini kila usukani tuliofunga pamoja, ikifika nati ya mwisho nilisema toka, na ulitoka, na nikaikaza mimi. Sikuwahi kukosa. Nilidhani hujali, kwa sababu ulikuwa unatoka bila kusema neno, ukipangusa mikono.

Ile sheria ni ya Salimu. Alisema nati ya mwisho ya usukani hukazwa na mtu mmoja tu, yule atakayeulizwa gari ikianguka. Mimi nilishika nusu ya kwanza na nikaipenda sana, ya mtu mmoja tu. Ile nusu ya kuulizwa, Ruiri waliniuliza mwaka mzima nikasema ni dereva.

Basi leo mama yako alipokusindikiza kwenda kupanda matatu, nilivaa ile ovaroli. Nilipiga jeki pikapu, nikaweka stendi ya chuma chini ya chasisi, nikalala upande wa kulia. Nikaingiza mtalimbo chini ya tairi, nikainua. Niliona kwa macho, gurudumu lilipanda na mkono wa chuma unaolishika ukabaki. Lilicheza kama jino la mzee. Lakini sikusikia kitu. Nikaleta sikio karibu kabisa, nikainua tena. Kimya. Nikashangaa, maana kitu kinachocheza namna hiyo lazima kigonge. Nikageuza kichwa nione vizuri, na sikio la kushoto likawa juu. Nikainua.

Tok.

Nikageuza kichwa. Kimya. Nikageuza tena. Tok. Nilikaa hapo chini muda mrefu, nikigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayeangalia mwewe.

Gari ilikuwa inalia kulia, mama, na mimi upande wa kulia sisikii.

Halafu nikakumbuka jambo moja, na hilo ndilo lililofanya nitafute karatasi. Siku hizi mteja akija, wewe husimama kulia kwangu. Akimaliza kusema unarudia maneno yake kwa sauti ya juu. Anasema inagonga akipita bamsi za barabarani, baba. Anasema inavuta akishika breki, baba. Nilikuwa naona kwamba unapenda kujitia katika mazungumzo ya wakubwa. Nilikukemea mara moja mbele ya yule mwalimu, na hukukasirika, na kwa mteja aliyefuata ulirudi ukasimama pale pale. Tangu lini ulijua? Mama yako hujamwambia, maana angekuwa ameshanipeleka hospitali. Wateja hawajui. Umelibeba hilo peke yako, kama ile springi, na mimi nakaa juu nikijisifu.

Sikulia. Vumbi la chini ya gari ni jingi, hilo unalijua.

Nilienda duka la spea kule Makutano nikanunua boljointi mpya. Yule mwenye duka akashangaa kuniona, maana huwa nakutuma wewe. Akaniuliza ni ya gari ya nani. Nikamwambia ni ya fundi mmoja wa Embu. Akauliza kama ni mzuri huyo fundi. Nikamwambia aliyenishinda mimi alikuwa hajazaliwa, lakini sasa amezaliwa, na nilikuwepo siku hiyo. Akafikiri nimelewa.

Nimeiingiza. Skrubu ya boksi ya usukani nimeilegeza nikairudisha pale ilipokuwa, pale ulipoiwekea alama ya rangi nyeupe kabla sijaigusa. Ndiyo, alama niliiona ile siku. Nilijifanya sijaiona. Bushi nimeangalia, nzuri. Upande wa kushoto nao nimetikisa, mzuri. Nimeshika kwa mkono kila kitu, juu na chini, kushoto na kulia, kama mtoto.

Maneno ya kukupa ni machache. Embu pale mlipo magari mengi yatakuja yakitoka Mbeere, na vumbi la kule ni laini kama unga. Kipande kidogo cha mpira unaofunika fundo kikipasuka litaingia, lichanganyike na grisi, liwe msasa. Angalia mipira kabla ya chuma. Lakini hilo unalijua kuliko mimi, nimeliandika tu kwa sababu baba hawezi kuandika karatasi yote bila kufundisha.

Mtu atakuja akuulize, wewe msichana, fundi yuko wapi. Hao watakuwa wengi. Mimi ningempiga na maneno mpaka ajute kununua gari, na ningepoteza mteja, nimewapoteza wengi hivyo. Wewe huna huo ugonjwa, umechukua mdomo wa mama yako. Mpe tu gurudumu ashike, alisikie likicheza kwa mikono yake. Na dereva akikwambia gari haimsikii, usimcheke hata kama anasema upuuzi, maana yeye ndiye anayekaa nayo.

Utakosea pia. Huwezi kuwa mtoto wangu usikosee. Lakini ukikosea usingoje mwaka mzima, na usinunue mbegu. Nenda kwa mtu mwenyewe.

Kuhusu sikio, nimekubali mama yako anipeleke. Sijamwambia bado. Nitamwambia ukishaondoka, nisiwe na nyinyi wawili kwa siku moja. Na mteja akija nitamwambia asimame kushoto. Nitasema ni mtindo mpya.

Sasa sikiliza kazi. Boljointi imekaa mahali pake, lakini nati yake kubwa ya chini nimeizungusha kwa vidole tu. Haijakazwa. Spana iko juu ya jiwe kando ya stendi, na pini yake mpya iko ndani ya kifuniko cha chupa ya soda. Kaza mpaka mkono wako ukuambie. Ukiona tundu la pini halijalingana, usirudi nyuma kulegeza, ongeza mbele kidogo mpaka lionekane. Hapo tu kukaza zaidi ni halali, na nimefurahi kwamba kuna mahali. Tia pini, ikunje miguu, rudisha gurudumu, shusha jeki.

Mimi sitatoka. Nitakuwa jikoni na mama yako, nimekaa na sikio la kushoto dirishani. Sitakuja kuangalia ulivyokaza, hata kama itaniua, na mama yako ameapa kwamba atanishika koti. Nikisikia jeki imeshuka ndipo nitakuletea chai. Na mtu yeyote akiuliza, hata askari wa barabarani kule chini Nithi, nani amefunga huu usukani, utasema ni wewe. Utaulizwa wewe.

Ukitoka hapa, kabla ya lami, kuna ile kona ya kwa mama mboga. Ikate polepole, na ukishaimaliza fungua mikono kidogo, uache usukani. Usiogope. Utarudi.

Pale juu ya mkono wa chuma, karibu na ile nati, utaona nimeandika kwa chaki kama Salimu, ili usichanganye pande: KULIA. Ni upande tu, mama. Usilisome kama nilivyolisoma mimi.

Baba yako,
M'Rukaria